Nyota anashinda mechi, seti ya kwanza anachana mkeka: wajuzi wa tenisi mje

#1 Kijana wa Nkuhungu
Wakuu, habari za jioni.

Tusaidiane hili maana mimi limenishinda. Mpira wa miguu nimeupunguza tangu ligi zisimame, nikahamia tenisi. Mechi zipo karibu kila siku, na tenisi haina sare. Huko nikakutana na soko la mshindi wa seti ya kwanza (seti ni kuwahi gemu sita), nikalipenda kwa mambo mawili. Linaisha mapema, nusu saa au dakika 50 unajua moja, unafunga simu. Halafu odi yake, yaani kile dau linachozidishwa nacho ukipatia, ni tamu kuliko ya mechi. Mtu anayepewa 1.25 kushinda mechi, kwenye seti ya kwanza unamkuta 1.40. Mtu ni yule yule, mpinzani yule yule.

Sasa wananichania mikeka. Jamaa anapoteza seti ya kwanza 4-6, kisha anarudi kumpiga mwenzie 6-2, 6-1 kama vile hakuna kilichotokea. Mifano mikubwa wote tuliiona. Fainali ya kina dada Roland Garros, Paris, 2025, Sabalenka kachukua seti ya kwanza kwa taibreki (gemu ya kuamua seti ikiwa 6-6), kombe kaondoka nalo Gauff. Wimbledon mwaka ule ule Alcaraz kachukua ya kwanza 6-4, Sinner akabeba tatu zilizofuata, zote 6-4.

Hawa watu wanalegea makusudi mwanzoni, au kuna kitu sikijui? Mawaidha ya kamari msijisumbue, nyumbani nayapata bure.

#2 Zabibu Kavu
Mbukwa! Naweka kambi hapa. Mawaidha hutaki lakini yatakuja tu, subiri.

#3 Mwalimu wa Hesabu
Mleta uzi, umejijibu mwenyewe hapo kwenye 1.25 na 1.40.

Chukua mchezaji ambaye kila seti ana nafasi ya asilimia 70. Mechi ya seti mbili kati ya tatu, nafasi yake inapanda mpaka kama 78. Ikiwa ni tatu kati ya tano, kama wanavyocheza wanaume kwenye mashindano makubwa manne, inafika karibu 84. Mchezo ukiwa mrefu, mwenye uwezo anapata muda wa kurekebisha. Ukiwa mfupi, mnyonge anapata mwanya. Seti ya kwanza ndiyo mchezo mfupi. Kwa hiyo ile odi "tamu" si ofa, ni bei ya hatari uliyoibeba.

Halafu angalia mechi ambayo wote wawili wamewekwa 1.85. Gawanya 100 kwa 1.85, unapata 54. Maana yake ili usipate hasara lazima upatie mara 54 kwa kila 100, wakati mechi yenyewe ni nusu kwa nusu. Hizo nne ndiyo mshahara wa yule dada wa dirishani kwenye kibanda cha kubeti.

#4 Boda Ipagala
Tuache hesabu za darasani. Seti ya kwanza zinauzwa. Mtu anauza seti ya kwanza, anachukua chake, kisha anashinda mechi na hakuna anayemshangaa. Davydenko alifungiwa kwa mambo haya haya 2007.

#5 Mtumba Msomi
Boda, hapo kwa Davydenko lazima nikurekebishe, usije ukapaka mtu matope.

Ile mechi ilikuwa Sopot, Poland, Agosti 2007, dhidi ya Vassallo Arguello wa Argentina. Davydenko alikuwa wa nne duniani, mwenzake wa 87. Na alishinda seti ya kwanza, 6-2! Kilichoshtua ni kwamba hata baada ya kuishinda, fedha ziliendelea kumiminika kwa mpinzani wake. Akapoteza ya pili 6-3, ya tatu ikiwa 2-1 akaacha kwa maumivu ya mguu. Betfair, kampuni ya kubeti, wakafuta dau zote za mechi ile. ATP, wasimamizi wa tenisi ya wanaume, wakachunguza, na 2008 wakawasafisha wachezaji wote wawili. Hakufungiwa.

Mimi nimeikumbuka kwa sababu nyingine. Seti ya kwanza pale ilikwenda kwa mwenye nguvu na bado haikumwambia mtu chochote kuhusu mechi.

#6 Boda Ipagala
Sawa msomi, hakufungiwa. Ila hoja yangu iko pale pale. Chombo cha kuchunguza rushwa ya tenisi si kipo? Wangekianzisha kama hakuna kitu?

#7 Mtumba Msomi
Kipo. Kilianza 2008, na tangu 2021 kinaitwa ITIA. Kila mara wanatoa majina ya waliofungiwa. Ila soma ni kina nani. Wengi ni wale wa ngazi ya chini kabisa, mashindano ya M15, ambapo zawadi ya shindano zima, wachezaji wote, ni dola 15,000. Bingwa anaondoka na dola 2,000 na kidogo. Toa nauli, hoteli, kamba za raketi, hana kitu. Ripoti huru ya 2018 ilisema waziwazi kwamba tatizo liko huko chini, na kwamba kuuza matokeo ya mechi hizo moja kwa moja kwa kampuni za kubashiri kulichangia kulikuza.

Kwa hiyo ukibeti seti ya kwanza ya M15 saa 4 asubuhi, watu wawili usiowajua, uwanja hauna hata mtazamaji, Boda ana hoja. Ukibeti Sinner Wimbledon, hoja yake inapungua sana.

#8 Zabibu Kavu
Saa 4 asubuhi watu wapo ofisi za serikali Mtumba wanajenga taifa, Msomi amejuaje ratiba ya M15?

#9 Mtumba Msomi
Nilikuwa likizo mkuu.

#10 Kocha wa Makole
Nyote mnazunguka mbuyu. Mimi nilikua naokota mipira kwenye kiwanja cha simenti hapa hapa Dodoma mjini, wakubwa wakicheza jioni, baadaye nikafundisha watoto. Niwaambie kinachotokea uwanjani.

Wanapasha misuli pamoja dakika tano tu, kila mmoja anampigia mwenzie mipira mizuri. Kisha mechi inaanza, na mpokeaji hajaonja sevu (mpigo wa kuanzisha pointi) ya kweli ya huyu mtu leo. Mtazame miguu. Gemu mbili za mwanzo kasimama karibu na mstari, mpira unamfika kifuani. Gemu ya tatu ya kupokea unamwona karudi nyuma hatua mbili, kahamia kushoto kidogo, maana ameshajua jamaa akiwa 30-30 anapenda kupeleka katikati. Hapo ndipo sevu zinaanza kuvunjwa, yaani mpokeaji anashinda gemu ya anayesevu. Kwa mwenye akili, seti ya kwanza ni ya kusoma. Mnyonge mwenye sevu kali anaimaliza hiyo seti kabla hajasomwa.

Na kuna mipira. Mipira mipya inabadilishwa baada ya gemu 7 za mwanzo, kisha kila baada ya gemu 9, kwa sababu kupasha misuli kunahesabiwa kama gemu mbili. Mpya inakimbia, ikichakaa inaota manyoya na kuwa mizito. Sasa seti ikiwa 4-3 inaingia mipira mipya. Nani anasevu gemu ya nane? Yule aliyeanza kwa kupokea. Mambo kama haya kwenye mkeka huyaoni.

#11 Mla Mlenda
Kocha umetisha. Naunga mkono hoja.

Ila Mwalimu namkatalia kidogo. Anasema kila seti asilimia 70, kana kwamba seti zote ni sawa. Watu hawachezi hivyo. Wimbledon 2023 fainali, Djokovic alimchapa Alcaraz seti ya kwanza 6-1. Mimi na jamaa zangu tulizima simu tukaenda kula. Kurudi, Alcaraz bingwa, seti ya tano 6-4. Yule kijana wa seti ya kwanza na yule wa seti ya pili walikuwa watu wawili tofauti.

#12 Mwalimu wa Hesabu
Mla Mlenda, mfano mmoja hauvunji hesabu. Ningeweza kukuletea fainali ya 2024 watu wale wale, Alcaraz kachukua ya kwanza 6-2, ya pili 6-2, ya tatu taibreki, kwisha. Binadamu anakumbuka zilizomuuma.

Mleta uzi, hebu sema ukweli. Hizo seti za kwanza unaweka moja moja au unazifunga mkeka mmoja?

#13 Kijana wa Nkuhungu
Nafunga tano, mkuu. Moja moja hela yake ni ya vocha.

#14 Mwalimu wa Hesabu
Basi tumempata mchawi. Tano za 1.40 zinakupa odi ya 5.38 hivi. Dau la 1,000 unaona 5,380 unachekelea. Lakini ikiwa kila moja ni asilimia 70, zote tano kutiki kwa pamoja ni chini ya 17 kwa 100. Mikeka 100 ya 1,000 umetoa laki moja, unarudishiwa kama elfu 90, na hapo kodi ya ushindi haijakatwa. Kwenye seti moja hasara ni ndogo. Ukizifunga tano umeizidisha mwenyewe.

#15 Zabibu Kavu
Kijana kapotea, kaenda kuhesabu laki zake.

#16 Mama Wawili Miyuji
Hamjambo. Mimi si wa kubeti ila mdogo wangu yupo chuoni Chimwaga, na bumu (hela ya mkopo) likiingia tu linaishia kwenye hizo seti. Nilimuuliza kwa nini tenisi, mtu hujawahi kushika raketi? Akanijibu kwamba dada, mpira wa miguu nasubiri dakika 90, huku nusu saa nimejua. Nimesoma maelezo ya Mwalimu na Kocha yote, mazuri. Ila kwa ninavyomwona yule kijana, tatizo si odi. Seti moja inaisha saa 9, anatafuta nyingine ya saa 9 na robo. Usiku wa US Open ndiyo kabisa, mechi za usiku za New York kwetu zinaanza saa 8 usiku, asubuhi ana mtihani.

#17 Zabibu Kavu
Si nilisema #2 kwamba mawaidha yatakuja? Shikamoo dada, lakini umeongea ukweli.

#18 Mama Wawili Miyuji
Marahaba. Sijatoa mawaidha, nimesimulia.

#19 Mwana Chimwaga
Dada huyo mdogo wako naweza kuwa namjua, tuko wengi hahaha.

Niongeze upande wa laivu maana hakuna aliyeugusa. Wengi seti ya kwanza tunaibeti ikiwa imeshaanza. Unaona 0-2, nyota kavunjwa sevu, odi yake imepanda kutoka 1.40 mpaka 2.10, unasema huyu atarudi, unabonyeza. Programu inazunguka, "dau lako linashughulikiwa", kisha imekataliwa, odi imebadilika. Ukiona imekubaliwa haraka haraka, jiulize kwa nini.

Pale uwanjani mwamuzi wa kitini ana tableti, kila pointi anaigusa, na taarifa inakwenda kwa kampuni kabla picha haijafika kwenye kisimbuzi chako. Wewe unatazama mpira unarushwa kwa sevu, wao wanajua pointi imekwishaisha. Ndiyo maana kuna watu walikuwa wanakaa majukwaani kutuma pointi kwa siri kuwawahi. 2014 polisi walimkamata mmoja pale Australian Open, Melbourne, kifaa kimeshonwa ndani ya kaptula! Kesi ikafutwa baadaye.

Sasa wewe uko kibandani Sabasaba, tenisi hata picha hakuna, ni tarakimu na nukta ndogo inayoonyesha nani anasevu, televisheni iliyobaki inaonyesha mbwa wa kwenye kompyuta wanakimbia, na dada wa dirishani anakuuliza kupitia nondo "kaka unaweka au huweki?" Unashindana na nani hapo?

#20 Mtoto wa Temeke
Kumbe Dodoma mna intaneti ya kubeti tenisi? Nilijua mnasubiri vikao vya Bunge tu.

#21 Mla Mlenda
Temeke rudi kwenye foleni yako.

#22 Kocha wa Makole
Kuna jingine: aina ya kiwanja na hali ya hewa. Nyasi mpira unateleza chini, sevu zinashikwa (kila mtu anashinda gemu anayosevu), seti ya kwanza inaishia 7-5 au taibreki, na taibreki ni kuwahi pointi saba tu, hapo mnyonge yeyote anaweza kukuua. Udongo wa Paris mpira unapunguza mwendo na kuruka juu, sevu zinavunjwa sana, mwenye uwezo anapata nafasi nyingi za kujirekebisha ndani ya seti ile ile. Kwa hiyo Kijana, soko lako usilicheze kwenye nyasi.

Na mwinuko. Madrid ni udongo lakini iko kama mita 650 juu ya bahari, hewa nyepesi, mpira unakimbia. Mtu anatoka Monte Carlo ufukweni anafika Madrid, seti nzima ya kwanza mipira inamtoka nje ya mstari.

#23 Zabibu Kavu
Kocha, sisi Dodoma tuko mita elfu moja mia moja na ushee. Tumewazidi Madrid. Waje wacheze hapa mwezi wa saba na upepo ule na vumbi, tuone kama kuna mtu atamaliza gemu.

#24 Kocha wa Makole
Gstaad kule Uswisi ni mita 1,050 na wanacheza mashindano ya ATP kila mwaka. Mwinuko si tatizo. Huo upepo sasa... nimeuonja, mpira unaupiga mbele unakurudia. Mzee mmoja alikuwa anasevu kutoka chini kama mtoto ili mpira usipeperuke, na alikuwa anatushinda wote.

#25 Boda Ipagala
Mimi nina kisa changu kinachohusu kujitoa. Nilimweka mtu seti ya kwanza, akashinda. Seti ya pili akaumia akatoka. Kampuni (siitaji) ikafuta dau langu, ikanirudishia mtaji bila faida. Nikawapigia, wananiambia masharti. Seti ya kwanza imeisha, masharti gani?

#26 Mtumba Msomi
Boda, hapo soma masharti kabla hujaweka. Kawaida soko la seti likishaamuliwa linalipwa hata mechi ikivunjika. Ila kama uliunganisha seti ya kwanza na mshindi wa mechi kwenye chaguo moja, wengi wanafuta lote.

Mfano mzuri ni Wimbledon 2025, raundi ya nne. Dimitrov alimshika Sinner, namba moja wa dunia, 6-3, 7-5, seti ya tatu 2-2, msuli wa kifua ukamwachia akashindwa kuendelea. Sinner akapita, na baadaye akachukua kombe. Aliyeweka Dimitrov seti ya kwanza alipaswa kulipwa. Aliyeweka Dimitrov mechi, alilia. Kama kampuni yako haikulipa dau la seti ya kwanza pekee, chukua risiti, piga picha ya masharti yao, peleka malalamiko Bodi ya Michezo ya Kubahatisha. Ndiyo kazi yao tangu 2003.

#27 Boda Ipagala
Risiti ilikuwa mfukoni, mke kaifua na suruali.

#28 Zabibu Kavu
😂😂 Uzi huu utafungwa.

#29 Mla Mlenda
Mimi nasema ni kichwa. Kuna watu seti ya kwanza wanaicheza bila presha, hawana cha kupoteza. Ons Jabeur dada yetu wa Tunisia, fainali ya Wimbledon 2022, kachukua seti ya kwanza 6-3 dhidi ya Rybakina, Afrika nzima tumesimama. Kisha 2-6, 2-6. Mwaka uliofuata fainali tena, anaongoza 4-2 seti ya kwanza dhidi ya Vondrousova, akapoteza gemu nne mfululizo. Mwalimu aniletee asilimia ya machozi.

#30 Mwana Chimwaga
Na 2022 hiyo hiyo Mkenya Angella Okutoyi alichukua dabo za wasichana Wimbledon. Majirani wametuacha. Sisi hata viwanja vya tenisi unavihesabu.

#31 Mtoto wa Temeke
Turudi kwenye mada. Mmesahau wale walioshinda baada ya kupoteza seti mbili za kwanza. Sinner na Medvedev, Australian Open 2024, Medvedev kachukua 6-3, 6-3. Medvedev huyo huyo 2022 alikuwa juu seti mbili kwa Nadal akapigwa. Mimi sasa nasubiri seti ya kwanza iishe, namchukua aliyepoteza akiwa na odi nono.

#32 Mwalimu wa Hesabu
Temeke, hizo unazikumbuka kwa sababu ni nadra. Ungeweka kila aliyepoteza seti ya kwanza kwa mwaka mzima ungerudi hapa kukopa nauli.

#33 Mtoto wa Temeke
Mechi za Slam tu mkuu, yale mashindano makubwa manne, seti tano. Sijasema M15.

#34 Kijana wa Nkuhungu
Nipo, nilikuwa nasoma. Asanteni wote. Kwa hiyo Mwalimu ni urefu wa mchezo, Kocha ni kusomana, Boda ni kuuzwa, Mla Mlenda ni kichwa. Mbona hakuna aliyesema kuhusu nani anaanza kusevu? Kibandani kwetu wanaamini anayeanza kusevu ndiye anachukua seti ya kwanza.

#35 Kocha wa Makole
Kuna ukweli. Anayeanza kusevu, kila mtu akishika sevu yake, anakuwa mbele muda wote: 1-0, 2-1, mpaka 5-4. Pale mwenzake anasevu ili abaki kwenye seti, mkono unatetemeka. Seti nyingi za 6-4 zinafia hapo. Mshindi wa sarafu anachagua asevu, apokee, achague upande au amwachie mwenzie achague. Wenye sevu kali wengi wanachagua kusevu. Wapo wanaochagua kupokea, wakitaka kumvunja mtu kabla mkono haujapata moto.

#36 Mwalimu wa Hesabu
Kama sarafu ingekuwa na uzito huo, odi zingeruka pakubwa baada ya kurushwa. Hazisogei hivyo. Na kuna kosa hapo: ukiona wenye sevu kali ndio wanaochagua kusevu, umejuaje ni kuanza kulikowapa seti, si sevu yao?

#37 Kocha wa Makole
Mwalimu, mimi nimeandika kwa mkono matokeo ya mechi za watoto wangu miaka mingi, nani alianza na nani alichukua. Walioanza walichukua nyingi zaidi.

#38 Mwalimu wa Hesabu
Lete hilo daftari, nikufanyie hesabu bure.

#39 Kocha wa Makole
Liko Kondoa kwa shemeji. Nikienda nitalipiga picha.

#40 Boda Ipagala
Kondoa kuna mtu anakuja kesho na mzigo wa vitunguu, Kocha nipe namba ya shemeji PM.